Makopo Mawili, Kidole Kimoja

1

Tumbo lilikataa kufunga mdomo.

Nyemo alikuwa amekwishamimina, amekwishasukuma kifuniko kwa kiwiko kama kila siku, na makopo yote mawili yalikuwa yananing'inia kwenye mkono wake mmoja tayari kwa safari ya ngazi. Alikuwa na haraka. Ziwa la kushoto lilikuwa limejaa mpaka linauma, na Seche, bintiye wa miezi saba, alikuwa akinyonya saa nne kamili katika kituo cha watoto kilichokuwa ghorofa ya chini ya jengo hilo hilo. Ukimchelewesha dakika tano analia kama umemtupa. Lakini kifuniko kilirudi juu. Akakisukuma tena, kikarudi tena. Mahali ambapo kila siku huwaka taa ya kijani na sauti ya kike ikakushukuru kwa gramu ulizolipatia taifa, ikawaka taa ya rangi ya chungwa. Sauti ile ile ya upole ikamtaja kwa jina lake lote, Nyemo Chidumizi, karani, ghorofa ya nne, ikamwomba asiondoke.

Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, kila mmoja na kopo lake, wakarudi hatua moja. Mmoja wao akamtania kwamba bila shaka leo amelilisha pilipili kichaa. Hakuna aliyecheka.

Ilikuwa hivi tangu meli za mbolea zilipoacha kuja, mwaka ambao Nyemo alikuwa darasa la pili. Kila ofisi ya serikali ilitakiwa kuurudishia udongo kile ilichokula. Mtumishi alipewa kopo lenye namba yake, likakaa chini ya meza: maganda ya ndizi, makapi ya chai, ukoko wa wali, miiba ya samaki, majani yaliyofagiliwa uani. Asubuhi na alasiri unashuka nalo hadi chumba cha chini ya ardhi, unabonyeza dole gumba, mdomo unafunguka, unamimina. Tumbo lenyewe lilikuwa pipa la chuma lenye kimo cha nyumba, likijigeuza polepole kama mtu anayetafuta usingizi. Taka zilijipika humo kwa joto lao zenyewe, nyuzi sitini na tano, siku ishirini na moja, na kwa chini ikatoka mboji nyeusi inayonukia mvua ya kwanza. Ndani ya ukuta wa mdomo kulikuwa na vitundu mia mbili ambavyo watu waliviita pua. Pua zilinusa kila kilichoingia. Zilikuwa zikijua plastiki, chuma na chumvi iliyozidi. Jana yake, Jumatatu, mafundi walikuja wakazifundisha kunusa dawa.

Hilo la dawa Nyemo alilisoma kwenye tangazo la ukutani na hakulifikiria mara mbili. Yeye hakuwa anatumia dawa yoyote.

2

Afisa mboji aliitwa Kapufi, kijana mrefu mwenye macho ya mtu aliyelala kidogo, anayesimamia majengo kumi na moja na kwa hiyo hukaa nusu saa tu katika kila moja. Chumba chake kilikuwa pembeni mwa Tumbo, kina joto, na ukuta mmoja ulitetemeka kila pipa lilipojigeuza. Alimpa Nyemo kiti na kumuuliza mtoto hajambo. Kisha akageuza kioo ili naye asome.

Kwenye kopo alilomimina kulikuwa na dawa ya kumbukumbu. Kapufi alieleza taratibu, bila kumtazama sana, kwamba ni dawa wanayopewa watu walioanza kusahau, na kwamba kiasi kilichonuswa si cha kubahatisha. Akamuuliza kama anaitumia. Nyemo akasema hapana. Kapufi akasema na yeye hakudhani hivyo, kwa umri wake.

Hapo ndipo Nyemo alipokiona tena akilini kiraka kimoja. Ilikuwa kama mwezi hivi umepita: aliinamisha kopo la pili na kitu chembamba kikanata kwenye ukingo, mraba wa kitambaa rangi ya ngozi, ukubwa wa stempu kubwa. Alifikiri ni plasta ya mgongo. Alikibandua kwa ukucha, akakisukumia ndani na makapi ya chai.

Kopo la pili halikuwa lake. Lilikuwa la Mama Ndahani, mkuu wa masijala, bosi wake.

Katika jengo zima hakuna aliyeona ajabu. Ungemwachaje mama wa miaka hamsini na tisa ashuke ngazi nne na kopo la maganda, nawe kijana unashuka pembeni yake mikono mitupu? Watu wangekuangalia. Kwa hiyo wadogo walibeba ya wakubwa, na kwa kuwa mkubwa hakushuka, dole gumba lililofungua mdomo lilikuwa la mdogo. Kanuni ilikataza, tena kwa herufi nene: anayemimina kopo lisilo lake anaondolewa jengoni. Walioiandika kanuni hiyo na kuujenga mfumo huo hawakuwahi, nadhani, kufanya kazi sehemu yenye wakubwa. Nyemo alikuwa akimimina makopo mawili kwa kidole kimoja tangu siku aliyorudi kutoka likizo ya uzazi.

"Sikiliza, mama Seche," Kapufi alisema, na sasa alimtazama. "Fomu hii ina visanduku viwili. Mara moja, au zaidi ya mara moja. Ukiniambia ni kitu cha bibi yako kimeanguka kwenye mkoba, kikaingia bahati mbaya, naweka alama kwenye mara moja. Tunachoma shehena hii tu. Kesho hakuna anayekumbuka."

Nyemo akauliza na ikiwa ni zaidi ya mara moja.

Kapufi akapangusa jasho la kidevu. Dawa nyingi, alisema, hufia kwenye joto la Tumbo. Hii haifi. Inapita nzima, inatoka na mboji, na mboga za majani zina tabia ya kuinywa, hasa mchicha. Asiyeihitaji akiila hudondosha udenda na kusinzia ovyo. Ikiwa imekuwa ikiingia muda mrefu, itabidi matuta yote yafukuliwe, udongo upimwe, na kila aliyekula mboga zile apimwe damu. Na jina la mwenye dawa liandikwe, na la aliyemimina. Mashine ya kupima udongo ilikuwa moja tu kwa mji mzima na foleni yake ni wiki tatu. Haipelekwi mahali mpaka mtu aweke alama kwenye kisanduku cha pili.

"Lakini inaweza ikawa si kitu," aliongeza. "Inaweza ikawa kiasi kidogo kabisa. Sijui. Kabla ya Jumatatu Tumbo halikuwa na pua ya kujua."

Mboji ya jengo hili inakwenda kwenye matuta gani, Nyemo aliuliza, ingawa alijua. Alikuwa akiyaona kila siku akinyonyesha, kupitia dirisha la kituo.

Kapufi akasema matuta ya kituo cha watoto. Alitakiwa kuirudisha fomu kesho kabla ya saa sita mchana. Akachukua mkoba wake, maana jengo lingine lilikuwa linamngoja, na mlangoni akamwomba Nyemo afikirie vizuri ni lini bibi yake alimtembelea.

3

Saa sita watoto walikuwa wanakula.

Thelathini na mmoja, wamepangwa kwenye viti vya plastiki vilivyokatwa kwa kipimo chao, na dada Restituta, mlezi wao, anapita na kijiko na bakuli. Viazi vilivyopondwa na mchicha. Seche alikuwa ameanza kula mwezi mmoja uliopita tu. Chakula kilimpendeza kupita kiasi. Aliposikia bakuli likigongwa alipiga meza kwa viganja viwili.

Nyemo alisimama mlangoni na kuwahesabu wale waliokuwa wamelowa kifuani. Alikuwa amesikia wiki mbili nyuma dada Resti akilalamika kwamba bibu za kuwafunga kifuani haziwatoshi, kwamba darasa hili linadondosha udenda kama bomba bovu, na mama wote wakacheka na kusema meno yanakuja. Sasa alimwona mtoto wa kaka mmoja wa idara ya hesabu amelala palepale kitini, mdomo wazi, kidevu kinang'aa. Watoto hulala. Watoto hudondosha udenda. Alijiambia hivyo mara mbili.

Dada Resti alipofika kwa Seche, Nyemo alikwishamnyanyua. Alisema tumbo la mtoto halijakaa vizuri tangu asubuhi, asimpe mboga leo, atamnyonyesha tu.

Resti akamwonea huruma. Akampa pole, akamshauri amkande tumbo kwa mafuta ya nazi, kisha akamgeukia aliyefuata, akajaza kijiko, akakipuliza.

Nyemo aliketi kwenye kona ya kunyonyeshea na kumpa Seche ziwa. Kupitia juu ya kichwa cha mwanawe aliona vijiko vikiingia midomoni, kimoja baada ya kingine. Angeweza kusema neno moja. Neno hilo lingetaka neno la pili, na la pili lingekuwa jina. Alikumbuka jina hilo lilivyoandikwa chini ya barua, miaka miwili iliyopita, wakati watu wa utumishi walipotaka kumhamishia wilayani kwa sababu alikuwa anaondoka saa tisa na nusu kwenda masomo ya jioni. Mama Ndahani aliandika kwamba karani anayesoma ni faida kwa masijala na kwamba saa hizo atazifanya yeye mwenyewe. Na akazifanya, mwaka mzima.

Mtoto wa yule kaka wa hesabu aliamshwa ili amalize bakuli lake.

4

Masijala ya Idara ya Vibali vya Visima ilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma hadi darini. Mfumo ulikuwa na nakala ya kila kitu, lakini sheria bado ilitaka kibali cha kuchimba maji kiwe na karatasi, na karatasi iwe na muhuri, na muhuri ukae na mtu mmoja. Mtu huyo asiwe mlevi, asiwe na kesi, asiwe anatumia dawa yoyote ya akili. Mama Ndahani aliuning'iniza muhuri shingoni kwa utepe wa bluu.

Saa nane, makarani wengine walipokwenda kula, Nyemo alisogeza kiti karibu na meza yake.

"Mama," alisema, "kile kiraka."

Mama Ndahani hakuuliza kiraka gani. Aliinuka akafunga mlango, akarudi, akakaa, akaanza kuzilinganisha pembe za mafaili ambazo zilikuwa zimelingana tayari. Kisha akaeleza, kwa sauti yake ya kawaida ya kazini. Daktari alimwanzishia mwezi wa tatu, wiki ile ile Nyemo aliporudi kutoka likizo. Anabandika kimoja begani kila asubuhi, anabandua cha jana. Nyumbani anaishi na binti yake na mkwewe, na binti huyo anafagia kila chumba na kuchungulia kila ndoo. Kwa hiyo anabadilishia chooni, hapa ofisini. Na kwenye boksi wameandika kwamba kiraka kimefumwa kwa nyuzi za katani na kinaoza chote.

"Miaka thelathini na miwili sijatupa kitu kinachooza kwenye ndoo ya takataka," alisema. "Niliona natii, mwanangu."

Nyemo akamweleza habari ya pua mpya, ya visanduku viwili, ya joto ambalo haliiui dawa. Mwisho akafika kwenye matuta ya kituo.

"Wanakula watoto?"

"Watoto, mama. Ule mchicha."

Kwenye korido mtu alipita akipiga mluzi. Uso wa Mama Ndahani haukubadilika, ila mkono mmoja ulipanda taratibu ukashika utepe wa muhuri, ukaubana.

"Unajua ninachokiogopa?" alisema mwishowe. "Si kustaafu. Nimebakiza miezi minane, ningestaafu tu. Ninaogopa siku watakayoanza kuniongelea mbele yangu kana kwamba sipo. Mama amekula? Mama amelala? Mimi nimekaa palepale." Akauachia utepe. "Kesho saa tatu niko kwa Kapufi. Nitakwenda mwenyewe. Na nitasema kopo nilishuka nalo mwenyewe, wewe hukuligusa."

Nyemo hakumwambia kwamba hilo haliwezekani, kwamba Tumbo linakumbuka dole gumba la kila mtu. Alitaka sana kuamini kwamba limekwisha. Mboga hazitapikwa tena mpaka kesho mchana. Saa tatu itakuwa mapema ya kutosha. Mama Ndahani alichukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake cha kushoto neno moja, KAPUFI, kwa herufi kubwa, akalipuliza likauke. Karatasi, alisema kwa aibu kidogo, siku hizi zinampotea.

5

Kesho yake saa tatu Mama Ndahani hakuwepo mezani kwake, na moyo wa Nyemo ukatulia. Saa tatu na robo alirudi, akaketi, akaanza kugonga mihuri. Alimsalimia kila aliyeingia. Hakumwangalia Nyemo kwa namna yoyote ya pekee, na Nyemo akaona ni sawa, amemaliza, hataki lisemwe mbele za watu. Mtu akishafanya jambo kama hilo anataka aachwe. Aliandika barua mbili na kukosea tarehe kwenye zote mbili.

Kuzirudia barua zile kulimchelewesha; ilikuwa saa tano na dakika ishirini aliposhuka kunyonyesha. Ili kufika kwenye kona yake ilibidi apite jikoni, na jikoni, kwenye sinki, kulikuwa na beseni la mchicha. Umechumwa sasa hivi. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye mizizi, na udongo mweusi, mzuri, umetua chini ya beseni.

Mpishi alimuuliza kama mtoto amepona tumbo. Nyemo akamwomba asubiri kidogo kukata ule mchicha. Mpishi akamuuliza kwa nini, na Nyemo, mdomo wazi, akasema anarudi. Hakumnyonyesha Seche. Alimsikia akilia nyuma yake alipofika ngazi ya pili, akapanda zote nne bila kusimama.

Mama Ndahani alikuwa anakunywa chai. Nyemo aliinama mpaka mdomo wake ukawa sikioni mwake, akauliza Kapufi amesema nini.

"Kapufi," Mama Ndahani alirudia. Akageuza kiganja cha kushoto. Alikuwa amenawa, wino umebaki kivuli tu, lakini ulisomeka. "Nimeliona hili jina tangu asubuhi. Nikashuka mpaka mlangoni kwake, nikasimama pale, nikarudi. Hebu nikumbushe, mwanangu. Nina shida gani na Kapufi?"

Nyemo alikitazama kile kiganja.

Mama Ndahani hakumbuki. Basi hakuna anayejua ila yeye, Nyemo, peke yake duniani. Angeweza kusema si kitu, mama, ni habari ya ratiba ya kopo. Kuanzia leo angevichukua vile viraka mwenyewe, avifunge kwenye karatasi, avipeleke anapojua. Angeweka alama kwenye mara moja. Muhuri ungebaki shingoni kwa miezi minane, yeye angebaki jengoni, na Seche angebaki pale chini, ngazi nne tu kutoka kwenye ziwa lake, siyo kwa jirani upande wa pili wa mji. Mboji ya zamani ingesombwa na mvua. Labda kilikuwa kiasi kidogo kabisa, Kapufi mwenyewe alisema. Na angeendelea kila mchana kutafuta uongo wa kumnyanyulia mwanawe mezani. Leo tumbo, kesho jino.

Uso uliokuwa mbele yake ulimsubiri kwa imani. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Akafunga mlango. Akapiga magoti kando ya kiti, akaanza tena mwanzo: kiraka, katani, pua, joto. Ilikuwa mbaya kuliko jana. Jana alimpa mtu habari. Leo alikuwa anampokonya kitu ambacho tayari alikuwa amempokonya mara moja. Mama Ndahani alisikiliza akiwa amekishika kikombe kwa mikono miwili.

"Wanakula watoto?" aliuliza.

Nyemo akasema ndiyo.

Mama Ndahani alikiweka kikombe chini. Alivua utepe wa muhuri kwa kuupitisha juu ya kitambaa cha kichwa, polepole usichanganyikane na hereni, akauweka juu ya faili lililokuwa wazi.

"Basi twende sasa hivi," alisema. "Nikikaa hata dakika kumi nitakusumbua tena. Nishike mkono."

6

Kapufi alikuwa anajiandaa kwenda jengo lingine. Alipomwona Mama Ndahani, shikamoo ikamtoka yenyewe, akavua mkoba begani. Mama Ndahani hakukaa. Alisema dawa ni yake, bega ni lake, na aliitupa kwenye kopo akidhani anafuata utaratibu. Alisema kama anayesoma barua ya mtu mwingine, neno baada ya neno, akimshika Nyemo kidole kimoja kwa nguvu nyuma ya sketi.

Kapufi alimsogezea kiti hata hivyo. Akafungua fomu. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kama mtu aliyetamani mno kuwa katika jengo lingine.

"Tangu lini, mama?"

Mama Ndahani akafungua mdomo. Nyemo alimwona akiitafuta tarehe, akienda nayo huku na huku, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba alichokizoea. Haikuwepo. Mama Ndahani akageuka.

"Mwambie, mwanangu. Wewe unajua."

Ukuta ulitetemeka, Tumbo lilikuwa linajigeuza. Kapufi aliinua macho kutoka kwenye kioo, akamtazama Nyemo, na Nyemo akaona kwamba ameshaelewa, kwamba ameelewa hata kabla, na kwamba kama angenyamaza sasa naye angenyamaza. Angeandika haijulikani.

"Tangu tarehe kumi na nne mwezi wa tatu," Nyemo alisema. "Siku niliyorudi kazini. Kila siku ya kazi, kiraka kimoja. Hakushuka hata mara moja. Mimi ndiye niliyemimina, kwa kidole changu."

Kapufi akahesabu. Miezi minne, shehena tano au sita, na zote zilikwishaenda kwenye matuta. Aliweka alama kwenye kisanduku cha pili, kisha akaanza kuandika majina, la kwanza na la pili, na alipofika kwenye la pili aliomba radhi bila kuacha kuandika. Halafu akaitazama saa ya ukutani na akanyakua simu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Simu ya jikoni iliita, ikaita. Saa hizo hakuna anayepokea simu jikoni. Kila mkono una kijiko.

Nyemo alikwishatoka.

Ngazi moja tu kutoka Tumbo hadi kituo, na aliipanda kama mtu anayekimbizwa. Harufu ya viazi vya moto ilimpokea mlangoni. Thelathini na mmoja walikuwa kwenye viti vyao, bibu zimefungwa, na dada Resti alikuwa ameinama kwa mtoto wa kwanza wa safu, kijiko kimefika karibu na mdomo, mdomo umeshafunguka.

"Usimpe," Nyemo alisema. "Usiwape wote. Kuna dawa kwenye mboga."

Hakupaza sauti, lakini alikuwa anahema kiasi kwamba Resti alikirudisha kijiko bakulini kwanza na kuuliza baadaye. Nyemo alimweleza akiwa amesimama, kwa sentensi fupi: Tumbo, matuta, miezi minne, Kapufi yuko njiani na daktari ataitwa. Mtoto wa kwanza, aliyeonyeshwa chakula kikaondolewa, akaanza kulia. Wa pili akamsikia. Muda si mrefu chumba kizima kilikuwa kinalia kwa njaa, na Seche, aliyenyimwa ziwa tangu saa nne, alilia kuliko karibu wote, mikono miwili imeinuliwa kumwelekea mama yake.

Resti alikusanya mabakuli yote kwenye sinia moja na kulipeleka mbali, juu ya kabati. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anapanga mambo kichwani, siku kwa siku.

"Jana uliniambia mwanao anaumwa tumbo," alisema.

Mlangoni alikuwa amefika Mama Ndahani, akijishikilia kwenye fremu, na Kapufi nyuma yake, simu sikioni. Hakuna aliyemsaidia Nyemo kujibu.

"Jana nilijua," alisema.

Resti akasema watoto wafunguliwe bibu, wafutwe midomo, kila mmoja aandikwe jina lake kifuani kwa kalamu ili wasichanganywe kwenye kupimwa damu, na kwamba kama Nyemo amekuja kufanya kitu basi afanye. Mama Ndahani akauliza kalamu iko wapi, yeye ana mwandiko mzuri.

Nyemo alipiga magoti kwenye safu ya kwanza na kuanza na aliyekuwa akilia zaidi ya wote, ambaye hakuwa wake.